Marmota wa Mulongwe

Kwenye mchezo wa shule nilifanywa marmota kwa sababu ya mdomo. Wenzangu walipewa vyeo vya kueleweka. Mrefu wa darasa akawa tai. Wale wavulana wanaopigana kila mapumziko wakawa mbuzi wa pembe, maana kugongana vichwa hawakuhitaji kufundishwa. Wasichana wa benchi la mbele wakawa misonobari, wakajifunga vitenge vya kijani vya mama zao kutoka kwapani mpaka miguuni. Mimi nikapewa gunia la maharage lililotobolewa tundu la kichwa, nikaambiwa: lala.

Kwa mtu ambaye hakuandikishwa somo hili, marmota ni mnyama wa milima ya kaskazini, huko Ulaya kwenye theluji. Ni mnene kama mtoto wa mbwa aliyeshiba, ana meno ya mbele ya panya, na baridi ikianza anaingia shimoni na ukoo wake wote, wanaziba mlango kwa udongo na majani makavu, wanalala mpaka baridi iishe. Miezi na miezi. Hachoti maji, hapangi foleni, haendi misa. Siku prof wa jiografia alipotuandikisha hayo, niliinua mkono kwa adabu yote.

"Prof, na mwenye nyumba anamungojea hiyo miezi yote?"

Darasa likaanguka. Hata prof alitaka kucheka, niliona mashavu yakimtetemeka. Bahati mbaya direktere wa nidhamu alikuwa anapita kwenye veranda. Sisi tunamwita Disiplini tu, kama vile mama yake alimzaa na jina hilo. Akaingiza kichwa dirishani, akauliza, "Nani?" na huku macho yameshanifikia.

Sasa niseme jambo ambalo limenikaa kooni. Dirisha hilo hilo alilochungulia linaangalia mlima. Uvira yetu ni ukanda mwembamba uliobanwa kati ya ziwa na mlima. Ukirudi nyuma kidogo ili upige picha ya ziwa, unaweza kujikuta umeanza kupanda bila kutaka. Jua linatuzamia mapema kwa sababu ya mlima huo. Ng'ambo ya maji, Burundi, watu bado wanaota jua, sisi tayari tuko kivulini tunatafuta masweta. Ndiyo mlima wenyewe. Na prof alikuwa ameupa mgongo, mkononi ana kitabu kilichopoteza jalada kabla yeye mwenyewe hajazaliwa, anatuandikisha polepole: "Mlima mrefu una ngazi. Chini, mashamba na miti inayopukutisha majani. Halafu misonobari. Halafu majani mafupi na maua, ambako ng'ombe hupandishwa wakati wa joto. Halafu mawe matupu. Juu kabisa, theluji isiyoyeyuka." Sisi tunaandika, mabati yanatuchoma vichwa, jasho linadondokea kwenye theluji isiyoyeyuka na kuiyeyusha.

Nikainua mkono tena. Safari hii haukuwa mzaha, naapa.

"Prof, na huu wetu uko na ngazi gani?"

Akageuka. Akauangalia mlima kama mtu aliyeonyeshwa ndugu asiyemkumbuka, na ndugu mwenyewe amekuja na masanduku.

"Huo wetu hauko mu programu," akasema. "Andikeni."

Hauko mu programu! Maharage tunayokula yanatoka huko. Makaa, mianzi, maziwa ya asubuhi, tumbili wanaoiba mahindi, hata mto wenyewe wa Mulongwe unaopita karibu na kwetu, vyote vinashuka kutoka huko, na havimo. Kiboko anatoka ziwani usiku, anapita barabarani taratibu kama mtu anayerudi kazini, anakula majani ya uwanja wa mpira, asubuhi tunakuta nyayo zake golini, naye hayumo. Ila marmota, ambaye hakuna mtu wa Uvira atakayemkanyaga hata kwa bahati mbaya, huyo ana pointi kwenye mtihani. Ukisahau anakula nini, unapoteza. Nani alikaa chini akaamua hivyo? Nataka nimwone. Nataka nimuulize kama anajua kiboko anapiga kona vipi.

Jirani yangu wa benchi alikuwa msichana wa kule juu. Alizaliwa kwenye nyanda za juu, ambako watu wanafuga ng'ombe na ukungu unaingia nyumbani bila kubisha hodi. Familia yake ilishuka njia za huko zilipoharibika, wakakaa kwa shangazi yake hapa mjini, kwenye mtaa wa Rugenge. Prof alipotupa interro, jaribio dogo la darasani, yenye swali "Juu ya mlima mrefu kuna nini?", yeye aliandika: mianzi, majani, ng'ombe, baridi, baba yangu mdogo. Prof akapiga mstari mwekundu kuanzia mianzi mpaka baba mdogo. Msichana hakulalamika. Alikunja karatasi, akakaa juu yake.

Alikuwa mtu asiyecheka. Mwaka mzima nilijaribu. Ukuta wa ofisi ya Disiplini ungecheka kabla yake. Vyeo vya mchezo vilipogawanywa, prof akampa shuka jeupe, akamwambia kwa wema kabisa, "Weye uko wa juu, utakuwa theluji." Tangu siku hiyo nikamwita Theluji. Hilo nalo halikumchekesha.

Mchezo ulikuwa wa siku ya wazazi. Kila darasa huonyesha kitu walichojifunza, na darasa letu lilichaguliwa kuonyesha mlima wa kaskazini na wanyama wake. Prof alishona mashuka mawili, akayachora mlima mkubwa kwa rangi: nyeupe juu, kijivu, kijani, misonobari chini kama miavuli iliyofungwa. Ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Prof anajua kuchora mlima, na mlima uko nyuma yake, na mkono unamwendea Ulaya.

Kitu kimoja tu nilikipenda katika somo lile. Marmota wakitoka shimoni kula majani, mmoja anasimama juu ya jiwe analinda. Akiona tai, anapiga mluzi, na wote wanaingia shimoni. Hapo nikamheshimu. Mluzi ndiyo kazi yangu. Nilifundishwa na vijana wa pikipiki pale darajani. Naweka vidole mdomoni, na motari aliye ng'ambo ya mto anageuza kichwa, na abiria wake anageuza. Kwenye mchezo, mwishoni, baridi inapoisha, marmota alipaswa kuamka, kusimama juu ya kiti na kupiga mluzi tai anapotokea. Siku ya mazoezi nikaupiga kama nilivyoumbwa. Darasa la pili wakafikiri ni mapumziko, wakatoka mbio na vikombe vyao. Misonobari ilicheka mpaka vitenge vikafunguka.

Disiplini akaja. Hakukimbia, huwa hakimbii.

"Huo mluzi utolewe."

"Lakini direktere," prof akasema, "marmota kwa kawaida yake..."

"Marmota alale. Toka mwanzo mpaka mwisho." Kisha akanisogelea, kidole kikiwa karibu na pua yangu. "Na weye, nisikilize muzuri. Siku ya wazazi muntu akicheka juu yako, ata mutoto wa mugongoni, mitihani hautaandika. Utakunja vitabu uende kwenu."

Mitihani ilikuwa wiki iliyofuata. Nilikuwa nimesharudia darasa mara moja, na mama alikuwa amesema bila kupaza sauti, ambayo ndiyo sauti yake mbaya, kwamba nikirudia tena nitaenda Makobola kwa mjomba wake anayeanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Huko kazi yangu ingekuwa kufukuza kunguru, mchana kutwa, nikiwa na fimbo. Sina ugomvi na ndagala. Nawala karibu kila siku. Ila kunguru hawajui mzaha, na mimi nilitaka kumaliza shule hata kama ni kwa ajili ya kumwudhi Disiplini tu.

Kwa hiyo niliamua: nitalala. Nitalala kuliko marmota yeyote aliyewahi kulala.

Nyumbani nilimwonyesha koko gunia langu. Koko ni mama yake mama yangu, magoti yake yamekataa kazi, na ananiita bwana yake tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Kila asubuhi anatolewa na kiti chake, anakaa mlangoni, mgongo kwa ziwa, macho kwa mlima.

"Bwana yangu, uko nyama gani tena?"

"Marmota."

"Analiwa?"

"Koko! Yuko mu somo."

"Nimeuliza kama analiwa."

"Sijui. Hatukuandikiwa."

"Basi mulienda kufanya nini kule?" akasema, akarudisha macho mlimani.

Anauangalia mlima vile kwa sababu maalumu, na kila nyumba ya Mulongwe yenye mzee ina mtu anayeuangalia hivyo. Wingu likikaa kichwani mwa mlima, si kitu, mlima umevaa kofia. Likishuka kifuani, ingiza mihogo iliyoanikwa. Lakini likishuka mpaka magotini, jeusi, na sisi huku chini bado tuko kwenye jua, hapo usiulize, inua godoro, toka. Maana mlima unapigwa, na yale unayopigwa nayo yanakuja kwetu kupitia mto. Tulishaona ule mwaka mto ulipobeba nyumba na watu. Tangu hapo hakuna anayecheza na magoti ya mlima.

Siku ya wazazi mama alienda Makobola kununua ndagala za kuuza, na jirani yetu, aliyekuwa na mtoto kwenye mchezo, akaja shuleni. Koko akabaki na kiti chake, na mlima ukiwa wazi kabisa, mpaka ungehesabu mashamba.

Jukwaa lilipangwa upande wa ziwa, ili wakubwa wapate upepo. Kwa hiyo wazazi wote walikaa wakiliangalia ziwa, na mlima wa kweli ukawa migongoni mwao. Mbele yao wakaona ule wa mashuka. Mimi nikalala chini ya mashuka, mbele, kichwa kwenye mikono, nikiwa nimechorwa masharubu ya makaa. Kutoka pale nilipolala niliona vitu viwili tu: miguu ya wazazi, na juu ya vichwa vyao, mlima wetu.

Prof akaanza kusoma kwa sauti yake ya sherehe. Misonobari ikaingia. Wakapigiwa makofi, na shangazi mmoja akatoka kwenye benchi akambandika msonobari wake noti kwenye paji la uso, kama inavyofanywa. Mbuzi wa pembe wakagongana, wakapendwa mno, wakaambiwa warudie. Theluji akaingia na shuka lake, akasimama nyuma yangu juu ya meza bila kutikisika. Mimi nikalala. Nzi akatembea juu ya masharubu yangu, nikalala. Mtoto mmoja wa mbele akaninyooshea kidole akasema, "Mama, yule amekufa?" Disiplini, aliyesimama pembeni, akageuza shingo. Nikalala zaidi.

Nilifungua jicho moja kwa sababu ya ubaridi. Jua lilikuwa bado linachoma uwanja, lakini kulipita hewa ya baridi, kama mtu amefungua na kufunga mlango. Nikaangalia juu ya vichwa vya wazazi. Mlima haukuwa na kichwa. Haukuwa na kifua. Wingu lilikuwa limeshuka magotini, jeusi kama sufuria kwa chini, na pale kwapani mto unapotokea hapakuonekana kitu kabisa.

Wazazi mia moja, au zaidi, wengi wa Mulongwe, watu ambao huko kwao wangekuwa wameshashika magodoro. Na wote walikuwa wameupa mgongo, wanaangalia theluji ya shuka.

Nilimfikiria koko na magoti yake. Nilimfikiria Disiplini na kidole chake. Niseme kweli, niliwafikiria hata kunguru wa Makobola. Nikajaribu kunong'ona, "Prof! Prof!" lakini prof alikuwa amefika kwenye maua ya ngazi ya tatu na hakunisikia. Kusimama na kupayuka? Mimi? Shule nzima inanijua. Ningesema moto, wangetafuta nani nimemwekea kitu kwenye kiti.

Nikaweka vidole mdomoni, nikapiga mluzi.

Uwanja mzima ukacheka. Walicheka kama watu waliongoja tangu asubuhi. Marmota amefufuka! Yule mtoto wa mbele alipiga makofi. Nikasimama, gunia likinibana magoti, nikanyoosha mkono kuelekea mlimani, nikapiga tena, mluzi wa darajani, wa ng'ambo ya mto. Wakacheka zaidi. Mbuzi mmoja aliketi chini kwa kucheka. Baba mmoja akainuka anatafuta noti mfukoni aje kunibandika! Nami napiga mluzi, naonyesha, machozi yanataka kutoka kwa hasira, na kadiri nilivyokasirika ndivyo nilivyowachekesha, maana hakuna kinachochekesha kama panya wa gunia aliyekasirika. Disiplini akaanza kuja, kwa mwendo ule ule wake.

"Mulima!" nikapayuka. "Angalieni mulima!"

"Tunauona!" mtu akajibu, akaonyesha mashuka.

Ndipo Theluji, nyuma yangu juu ya meza, akafuata mkono wangu kwa macho. Akavua shuka. Hakupaza sauti sana.

"Mvula iko kwetu juu," akasema. "Mto unakuya."

Basi, hapo wakageuka. Wote. Mimi nimepasua mapafu, nikachekwa. Yeye kasema mara moja kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, na uwanja ukasimama. Kwa sababu yeye hachekeshi. Hiyo ndiyo faida ya kutocheka mwaka mzima, unaweka akiba. Bado inaniuma hadi leo, na simlaumu yeye.

Wamama walikuwa wa kwanza. Hawakupiga kelele. Walikaza vitenge viunoni, wakashika watoto, wakaondoka mbio, viatu mkononi. Mabenchi yakaanguka. Prof alibaki amesimama na kitabu chake, akisema, "Lakini bado tai! Tai hajatokea!" Tai mwenyewe alikuwa ameshatoka kwenye geti, mabawa yote, anaelekea Mulongwe.

Nilikimbia na gunia. Kulivua kungenichelewesha, lilikuwa limefungwa mgongoni kwa kamba. Barabarani motari waliniona, wakapiga honi kwa furaha, na mimi nikawapigia mluzi na kuwaonyesha mlima, na hao, kwa heshima yao, hawakuhitaji maelezo. Wakageuza pikipiki kwenda kuwatoa watu wao.

Koko alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, mfuko wa nguo magotini, kuku kwapani. Alikuwa ameshauona mlima zamani. Ila magoti.

"Bwana yangu, umekawia."

"Koko, panda mugongoni."

"Na sufuria kubwa?"

"Koko!"

"Ile ya harusi ya mama yako. Siiachi."

Kwa hiyo nilipanda kuelekea Rugenge nikiwa marmota, mgongoni koko, mgongoni kwa koko sufuria, na kuku anapiga kelele sikioni. Tulipofika kwenye mwinuko tuliusikia mto kabla ya kuuona. Kwanza unasikia mawe. Yanagongana ndani ya maji kama watu wanaopakua shehena ya bia kwa hasira. Halafu ukaja, wa kahawia, mpana kuliko haki yake, ukiwa na migomba, na mlango wa mtu, na mawe makubwa kama meza yakitembea. Ulichukua jiko letu na choo, ukaingia sebuleni ukaacha mawe na matope mpaka kwenye dirisha. Kwenye njia yetu hakuna aliyekufa. Safari hii.

Wasio na mahali pa kulala waliwekwa shuleni. Jioni mama alifika kutoka Makobola kwa miguu, ndagala kichwani, akatukuta darasani kwetu. Alimkumbatia koko, akanikumbatia mimi, halafu akanusa gunia akaniuliza kama nimerogwa.

Siku mbili baadaye, tope bado liko kwenye miguu ya kila mtu, Disiplini akaniita. Nilikwenda nikijua nitasikia nini, naam, shukrani. Ninyi mngefikiria nini? Hata yeye nyumba yake ni ya Mulongwe. Mke wake alikuwa miongoni mwa wale waliokimbia viatu mkononi. Prof alikuwa amekaa pembeni, kitabu chake kikiwa kimevimba kwa maji.

"Nilikuambia nini?" Disiplini akaanza.

"Direktere, mto ulikuwa..."

"Sikuulizi mto. Nilikuambia nini? Muntu akicheka. Walicheka ao hawakucheka?"

"Walicheka."

"Mbele ya wakubwa."

"Ndiyo, lakini minye nilikuwa naonyesha..."

"Kila siku uko unaonyesha kitu. Leo mto, kesho utaona nini? Kama nikikuacha, kila mutoto atapiga mluzi na kusema ameona mawingu."

Nikaangalia miguu yake. Ningeweza kuelewa mtu asiye wa hapa. Lakini huyu alikuwa amevaa raba za mtoto wake kwa sababu viatu vyake vyeusi vilienda na mto, na bado alikuwa ananihukumu kwa kicheko.

Prof akakohoa.

"Direktere, kuna jambo moja. Mluzi uko mu somo." Akafungua kitabu, kurasa zikishikana, akazitenganisha kwa ukucha. "Hapa. Marmota akiona hatari anapiga mluzi. Nimewaandikisha mwenyewe. Mutoto amefuata somo."

Disiplini akachukua kitabu, akasoma kwa muda mrefu, midomo ikitembea. Akarudisha.

"Iko mu programu?"

"Iko mu programu."

"Basi ataandika mitihani," akasema. "Lakini pointi za mwenendo, sifuri."

Nilitoka pale nikiwa nimeokoka na nikiwa nachemka. Nifikirieni kidogo. Sikuokolewa na mto. Sikuokolewa na koko, wala na nyumba zile ambazo watu walitoka ndani yake kabla ya mawe kuingia. Nimeokolewa na panya mnene wa Ulaya. Kama ningepiga mluzi kama mtu wa Mulongwe aliyeuona mlima wake, sasa hivi ningekuwa Makobola nikizungumza na kunguru. Kwa kuwa nilipiga kama marmota, nimo kwenye sheria. Nilimwambia Theluji hayo yote kwenye veranda, nikitembea huku na huku, mikono hewani, na kwa mara ya kwanza mwaka mzima yule msichana akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo. Sikuwa hata nimejaribu! Nilikasirika upya.

Usiku wa kuamkia mtihani wa jiografia tulikuwa bado tunalala darasani. Mama alikuwa ametundika mashuka ya prof katikati, yawe ukuta kati yetu na familia nyingine, kwa hiyo koko alikuwa analala chini ya mlima wa kaskazini, mkeka wake ukigusa misonobari. Nilikuwa nakariri kwa sauti: mashamba, misonobari, majani mafupi, mawe, theluji. Koko akasikiliza mpaka mwisho, akiuangalia ule mlima kwa makini, kama anavyouangalia ule mwingine.

"Bwana yangu, iyi teluji yote, siku ikiyeyuka, mayi inapitia wapi?"

"Haiyeyuki, koko. Imeandikwa."

"Na mvula yao?"

Nikatazama. Prof alikuwa amechora kila kitu, mpaka ua. Mto hakuuchora. Chini ya misonobari alikuwa ameweka vijumba vya paa jekundu, vizuri, vimebanana, hakuna hata kimoja kinachoangalia juu.

Niliokota kaa kwenye jiko la jirani. Nikaanza juu kabisa, kwenye theluji, nikaushusha mto kupitia mawe, nikaupitisha katikati ya misonobari, nikaupanua, nikautia mawe makubwa kama meza, nikaupeleka kwenye vile vijumba na kuendelea mpaka pindo la shuka, pale kwenye mkeka. Mama alisema, "Weye, Disiplini atakuua." Nikamwambia aniache nimalize.

Koko aliuangalia mto wangu ukishuka. Kisha akakunja miguu yake polepole, goti moja halafu lingine.

"Basi sasa," akasema, "nisogezee mukeka."